Kujifunza Kuandika Programu za Biashara Nikiwa Ndani ya Timu

Mradi wa kikundi ndio uliobeba sehemu kubwa ya mafunzo yangu ya uandishi wa programu. Tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa stoo na mauzo kwa ajili ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, tukifuata utaratibu wa ajaili (Agile), yaani kazi ya vipindi vifupi ambapo kila kipindi kinapokwisha mwenye duka huoneshwa kitu kinachofanya kazi. Lugha ya programu na kazi ya timu hufundishwa mara nyingi kama masomo mawili yasiyojuana, ilhali kwangu mimi moja halikueleweka bila jingine.

Chukua mfano wa nondo. Mwenye duka huzinunua kwa tani, lakini wateja wake huzinunua kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takribani kilo 10.7, kwa hiyo tani moja hutoa vipande 93 hivi, na stoo inayohesabiwa kwa kipimo kimoja tu haiwezi kulingana na mzigo uliopo. Misumari nayo huingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, pengine nusu kilo au robo. Habari hizi hazimo katika vitabu vya Java, lugha ya programu tuliyotumia. Tulizipata kwa kukaa na karani wa stoo mbele ya fomu ambayo haijakamilika. Alipoona sehemu moja tu ya kujaza idadi, alieleza kwa dakika chache mambo ambayo hakuyagusa katika mahojiano ya awali, kwa kuwa yeye huyafanya kila siku na hajawahi kuwa na sababu ya kuyasimulia.

Tangu hapo nimeelewa kwa nini waandishi wa programu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, Februari 2001, waliandika katika tamko lao la ajaili kwamba wanathamini ushirikiano na mteja kuliko majadiliano ya mkataba. Mmoja wao, Ron Jeffries, huielezea hadithi ya mtumiaji, yaani maelezo mafupi ya kile ambacho mtumiaji anahitaji, kwa mambo matatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi yetu ilisema, “Kama karani wa stoo, nataka kupokea nondo kwa tani na kuziuza kwa kipande, ili hesabu ya jioni ilingane na zilizopo.” Ni fupi kwa makusudi, maana kazi yake ni kuwaleta watu kwenye mazungumzo, uthibitisho huja baadaye, karani anapopokea mzigo katika mfumo na kuridhika kwamba hesabu imekaa sawa.

Hapo ndipo uandishi wa msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe, unapodai umakini. Bidhaa ya shilingi 20,000, bei ikiwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ina kodi ya shilingi 3,050.85 baada ya kukadiria hadi senti. Bidhaa tatu za bei hiyo, kila moja ikikadiriwa peke yake, hutoa kodi ya 9,152.55, zikijumlishwa kwanza, hutoa 9,152.54. Senti moja ni ndogo, lakini mhasibu anayelinganisha ankara na vitabu vyake ana haki ya kuambiwa inatoka wapi, na uamuzi wa njia ya kufuata ni wake, wala si wa mwandishi wa programu. Vivyo hivyo, mauzo lazima yapunguze stoo na kuandika malipo katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili umeme ukikatika katikati, yawe yamefanyika yote mawili au lisifanyike hata moja.

Kila kanuni ya namna hii tuliiandikia jaribio linaloendeshwa na kompyuta yenyewe. Naamini kwa dhati kwamba bila majaribio hayo ajaili hubaki kuwa vikao tu, kwa sababu timu inayoogopa kugusa msimbo wake haiwezi kumwitikia mteja anapobadilisha mawazo. Utaratibu wa Extreme Programming uliokuzwa na Kent Beck, mwingine wa wale 17, ambao ulisisitiza majaribio na kuandika msimbo wawili wawili, ulipata umbo katika mradi wa mishahara wa kampuni ya Chrysler miaka ya 1990, kazi ya biashara iliyojaa kanuni ndogondogo kama zetu. Mradi huo ulisitishwa mwaka 2000, lakini mbinu zake zinaendelea kutumika.

Kuhusu vikao, kile cha kila siku cha skramu (Scrum, mojawapo ya njia za kufanya ajaili) kisichozidi dakika 15 hakikunipa shida. Kikao cha kutathmini mwisho wa kipindi ndicho kigumu, hasa kwetu tuliolelewa kutompinga mkubwa mbele za watu. Kiongozi wetu alimtaka mdogo kuliko wote aanze kusema, na wakubwa wafuate, na kwa utaratibu huo tulisikia mapema kwamba sehemu ya ripoti ilikuwa inatuzidi nguvu. Ningependa kila timu ya hapa kwetu ijaribu hivyo.

Kadi iliyo juu ya orodha yetu sasa inahusu mali kauli. Wauzaji wadogo huchukua saruji dukani na kulipa wakishauza. Je, mifuko hiyo ihesabiwe kuwa imeuzwa, au bado ni mali ya duka iliyo mikononi mwa mtu mwingine? Mwenye duka ana jibu lake na mhasibu ana lake, na tumewaomba wote wawili waje tukae pamoja kabla hatujaandika mstari wowote wa msimbo.