Breka kubwa, waya mwembamba

Nyumba yangu ni ya vyumba viwili na sebule, na fundi aliyetandaza nyaya zake alifanya kazi inayopendeza macho: mabomba ya nyaya yamefukiwa ukutani, swichi zimepangwa kwa pima maji, soketi hazichezi. Kasoro ilikuwa juu ya dari, mahali ambapo mwenye nyumba hapandi. Taa na soketi zote alikuwa ameziunganisha katika sakiti moja, yaani njia moja ya umeme, ya waya wa milimita za mraba 1.5, ambao kwa kawaida ni wa taa.

Breka yake, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilikuwa ya ampea 10, nayo ilikuwa ikikata karibu kila asubuhi, birika na pasi vikiwashwa pamoja. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7 hivi, na pasi ya wati 1,200 huongeza ampea 5 na ushei. Fundi wa pili niliyemwita aliichomoa breka hiyo, akaweka ya ampea 32, na kero ikaisha siku hiyohiyo. Nami nikamshukuru!

Sikujua kwamba breka huwekwa kwa ajili ya kulinda waya, wala si birika. Tuliponunua jiko dogo la umeme, mzigo ulifika karibu ampea 23, ambazo ni nyingi mno kwa waya ule ndani ya bomba, lakini kwa breka mpya hazikuwa kitu. Siku tulipofungua kisanduku cha maungio kwa sababu ya harufu, ganda la waya lilikuwa jeusi, likivunjika vidoleni kama ganda la karanga.

Fundi wa tatu alitenganisha kila kitu: taa zikabaki na waya wa 1.5 na breka ya ampea 10, soketi zikapewa 2.5 na ampea 20, na jiko likapata waya wake wa milimita za mraba 6, maana mke wangu anataka jiko kubwa zaidi. Ndiye pia aliyegundua kwamba waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uliishia ndani ya boksi, haukufika ardhini. Akachimbia fimbo ya ethi nyuma ya bafu, penye udongo wenye unyevu, akaongeza swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30.

Ile breka ya ampea 32 hatukuitupa. Ndiyo iliyowekwa kwenye waya wa jiko.