Barua moja kwa kontrakta karibu initoe kwenye fidia ya bima

Hii stori nimekaa nayo muda mrefu, nilisema sitaiandika mpaka kila kitu kiishe, sasa kimeisha. Naiandika kwa sababu kila ninayesikia ana mgogoro wa ujenzi anaanzia pale pale nilipoanzia mimi, yaani anatafuta wakili mkali wa kumtisha kontrakta. Mi huyo mkali nilimpata, na barua yake ndo iliyonitesa kuliko hata ukuta wangu ulioanguka.

Ilikuwa hivi. Jengo lilikuwa limebakiza finishingi, paa liko juu, madirisha yameshawekwa, usiku mmoja ikapiga mvua na upepo, asubuhi napigiwa simu kwamba ukuta wa upande mmoja uko chini, umeshuka na kipande cha paa na madirisha 5, maji yameingia mpaka kwenye nyaya. Kontrakta akaniambia pale pale saiti, bosi hii ni kazi ya Mungu, nenda bima. Bima wakamtuma mtathmini hasara, akazunguka, akapiga picha, akaondoka, baada ya wiki 2 wakasema ukuta ulijengwa vibaya na kazi mbovu haimo kwenye bima, mdai kontrakta wako. Basi nikawa mpira, huyu ananipiga kwa yule, yule ananirudisha kwa huyu.

Wakili wa kwanza nililetewa na ndugu. Mtu mzuri, kesi za ardhi anazishinda kweli kweli, hilo sina neno nalo. Alinisikiliza dakika 20 akaandika barua nzito: ukuta umeanguka kwa sababu ya uashi mbovu, saruji haba, linta haikufungwa inavyotakiwa, lipa ndani ya siku 14. Nilivyoisoma nilifurahi sana, nikahisi kuna mtu ananipigania, nikatuma na nakala bima ili wajue sitanii. Jibu la bima lilipokuja walikuwa wameambatanisha ile ile barua yangu, wamepiga mstari chini ya sentensi ya uashi mbovu, wanasema mteja mwenyewe ameshakiri chanzo ni nini, kwa hiyo dai limekataliwa. Yaani nilikuwa nimewaandikia utetezi wao kwa mkono wangu na nikalipia.

Hapo ndo nilielewa kwamba huu ni mgogoro wa aina yake. Kesi ya kawaida una mpinzani mmoja, unamwambia ulichonacho na unasonga. Huku una wawili, na kila neno unalomwambia mmoja linaweza kuwa silaha ya mwingine, ukimwambia kontrakta kazi yako mbovu bima anakusikia, ukimwambia bima ilikuwa mvua tu basi kontrakta anapumua. Wakili asiyewahi kushika mikataba yote miwili kwa pamoja hawezi kuliona hilo, hata awe hodari vipi kwenye mambo mengine.

Wakili wa pili, mama mmoja mtu mzima anayefanya hizi kesi za ujenzi na bima tu, hakuniuliza nani mkosaji. Aliuliza tarehe. Ukuta ulianguka lini, bima uliwaambia lini na kwa maandishi au kwa simu, kontrakta ulimwandikia lini, na kifusi kiko wapi. Kwa bahati kifusi kilikuwa bado kipo, kontrakta alikuwa anataka kukizoa haraka haraka na mimi nilichelewa tu kumlipa mtu wa lori. Wakili akasema usikiguse, funika palipo wazi na turubai maji yasiongeze hasara (hilo ni wajibu wako, hasara uliyoweza kuizuia usipoizuia utabebeshwa), halafu akamtafuta injinia huru akachukua sampuli za saruji iliyoshika matofali, akapima umbali wa nondo, akapiga picha zenye tarehe. Kifusi ndo shahidi wako mkubwa, kikishapelekwa dampo mnabaki kubishana kwa maneno.

Kuhusu tarehe naomba nikae hapa kidogo manake watu wengi wanaumia hapa. Mikataba ya bima karibu yote inataka taarifa ya haraka, mingine inataja siku kabisa. Mikataba ya ujenzi nayo ina saa yake. Ile mikataba ya FIDIC inayotumika kwenye miradi mikubwa dunia nzima, toleo la 1999, kifungu 20.1, kontrakta asipotoa notisi ya dai lake ndani ya siku 28 tangu ajue tukio anapoteza haki yake, na toleo la 2017 limeweka kibano hicho hicho kwa pande zote mbili, hata mwenye mradi. Wakili wa kawaida anahesabu miaka ya ukomo wa kufungua kesi mahakamani, anakwambia tulia muda tunao, kumbe saa ya ndani ya mkataba imeshapita zamani.

Sasa kitu alichofanya yule mama ambacho mi sikujua hata kama kinawezekana. Alisoma mkataba wa bima ya ujenzi mstari kwa mstari akakuta kile kifungu cha kazi mbovu hakisemi hasara yote iliyotokana na kazi mbovu imetolewa, kinasema gharama ya kurekebisha ile sehemu mbovu yenyewe ndo haimo. Mikataba mingi ya aina hii iko hivyo, inategemea maneno yaliyotumika, mingine ni mikali zaidi. Kwa hiyo ukuta, kama ulijengwa vibaya, bima hawaulipi, sawa. Lakini paa lilikuwa zima, madirisha yalikuwa mazima, nyaya zilikuwa nzima, hivyo vimeharibiwa na ukuta kuanguka, na hivyo vimo. Akaligawa dai vipande viwili, ukuta kwa kontrakta na vilivyobaki kwa bima, na ghafla ile barua yangu mbaya ikapunguzwa makali kwa sababu haikuwa inapingana tena na tunachodai.

Bima hawakukubali kirahisi. Wakaja na jingine, kwamba nilificha kuwa kazi ilisimama miezi 4 katikati. Kusimamisha kazi ni jambo kubwa kwenye bima za ujenzi, usilichukulie poa, unatakiwa uwaambie. Ila afisa wao alikuja saiti ndani ya hiyo miezi 4, kuna imeili yake anauliza mafundi watarudi lini. Mama akacheka akanisimulia kesi ya zamani sana ya Uingereza, Carter v Boehm ya mwaka 1766, ngome iliyokatiwa bima huko Sumatra, aliyetoa bima akasema gavana, ambaye ndo aliyeikatia bima, alimficha udhaifu wa ngome, na jaji Lord Mansfield akamkatalia kwa sababu alichodai amefichwa alikuwa anakijua au alipaswa kukijua. Kila mtu anaikumbuka kesi hiyo kwa kumtaka mteja awe mkweli, alisema, ila ukweli na nia njema vinawabana na wao. Tukapeleka ile imeili na hoja hiyo hatukuisikia tena.

Na wakati huo huo kontrakta ananipigia simu jioni jioni, tuyamalize kindugu, saini hapa kwamba hatudaiani ntakurudishia nusu. Nilikuwa nimechoka, karibu nisaini. Nikampigia wakili akaniambia ukimsamehe kontrakta kabla bima hajalipa, unaweza kuwa umemnyang'anya bima haki yake ya kumdai kontrakta kwa niaba yako baada ya kukulipa, na hiyo ni sababu ya kukunyima kila kitu. Vivyo hivyo ile fomu ya bima yenye maneno malipo kamili na ya mwisho, usisaini kwa sababu hela imeonekana, ukishasaini hakuna kurudi, hata ukigundua wiki ijayo nyaya zote zinatakiwa kubadilishwa.

Kwa hiyo kama unatafuta wakili, mi ningeuliza haya kabla ya kuuliza bei. Umewahi kushika kesi yenye kontrakta na bima kwa pamoja? Unawafanyia kazi makampuni ya bima, na hii kampuni yangu imo? Faili atalishika nani hasa, wewe au kijana wa ofisini? Injinia na mkadiriaji majenzi nani anawalipa, wamo kwenye ada yako au ni juu yangu? Nikishindwa nalipa gharama za upande wa pili? Mkataba unasema twende mahakamani au kwa msuluhishi? Akijibu kabla hajaomba kuiona mikataba, mimi ningeondoka. Na uulize thamani uliyokatia bima, manake kama jengo ni la 100 na umelikatia 60, hasara ya 20 wanaweza kukulipa 12 tu, bora ulijue siku ya kwanza kuliko siku ya ofa.

Mwisho wa yote bima walilipa paa, madirisha na nyaya, wakakata ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Ukuta kontrakta aliujenga upya kwa zile hela zake tulizokuwa tumezishikilia mpaka kipindi cha uangalizi kiishe (ule muda baada ya kazi ambao kontrakta bado anawajibika kurekebisha kasoro), injinia wetu akisimama pale. Miezi 14. Gharama za wakili wa kwanza hazikurudi.

Kama jambo lako ni la leo na bado hujampata wakili, notisi aliyonifundisha mama ni hii, tuma kwa wote wawili, kila mmoja barua yake: tarehe fulani, takriban saa fulani, ukuta wa upande fulani umeanguka na kuharibu vitu hivi, chanzo kinachunguzwa, haki zangu zote chini ya mkataba nazihifadhi, kifusi kipo na mnakaribishwa kukikagua. Usiongeze neno juu ya chanzo.