Siku Moja Maishani Mwangu: Kukokotoa Usumaku wa Waya Usioonekana, Mbeya

Saa 12:00 asubuhi. Baridi ya Julai haimhurumii mtu, hivyo natoka Uyole nikiwa nimevaa koti juu ya sweta, napanda daladala hadi Mwanjelwa, kisha namalizia na bajaji hadi chuoni ninapofanya kazi. Majirani wanaamini kwamba mimi ni fundi kompyuta, na wapo wanaoniletea simu zilizoingia maji. Kazi yangu halisi ni kukokotoa usumaku wa nyaya za metali zenye unene wa atomi moja, zilizolala juu ya uso wa metali nyingine.

Saa 1:30. Nafungua faili za hesabu ambazo kompyuta ilizifanya usiku. Waya ninaoushughulikia ni wa kobalti, umejipanga ukingoni mwa ngazi ndogo za uso wa platinamu. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwa majaribio kwamba nyaya za namna hiyo hushika usumaku zikipozwa chini ya kelvini 15, yaani takriban nyuzi 258 za Selsiasi chini ya sifuri. Jambo hilo lilishangaza, kwa sababu tangu mwaka 1925 mwanafizikia Ernst Ising alikuwa ameonyesha kwamba mpangilio wa sumaku kwenye mstari mmoja huvurugwa na joto lolote, hata liwe dogo kiasi gani. Kinachouokoa waya ni upendeleo wa mwelekeo: sumaku ya kila atomi hupenda kuelekea upande fulani, na kuigeuza kunahitaji nishati, hivyo baridi ikizidi mgeuko huchelewa mno hata mpangilio ukaonekana umetulia.

Nishati hiyo ndiyo ninayoitafuta, na ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa kila atomi ya kobalti katika waya ule ni takriban milielektronivolti 2 (milielektronivolti ni sehemu moja ya elfu ya elektronivolti, kipimo cha nishati za atomi), makumi ya mara zaidi kuliko katika kipande cha kawaida cha kobalti. Naipata kwa kukokotoa nishati yote ya mfumo sumaku ikielekea upande mmoja, kisha upande mwingine, halafu natoa moja kwa nyingine. Kila jumla ni maelfu mengi ya elektronivolti, nami nasaka tofauti iliyojificha nyuma ya nukta ya desimali. Anayedhani kwamba natazama skrini tu na aje akae nami asubuhi moja.

Saa 4:00 hesabu ya mwelekeo wa pili bado inayumba: nishati inashuka, inapanda, inashuka tena. Hapo ndipo mlango ulipobishwa hodi. Alikuwa mzee kutoka Chunya, ameelekezwa kwangu kwa kuwa alisikia chuoni yupo mtu wa sumaku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hicho chombo chako kinasoma dhahabu mpaka mita ngapi chini?"

Nikamweleza kwamba sina chombo, na kwamba dhahabu hainaswi na sumaku. Akacheka. Hilo alilijua kabla sijazaliwa. Wao sumaku wanaitumia kuondoa ule mchanga mweusi wa chuma kwenye mchanga wa dhahabu. Alidhani yangu ingekuwa na nguvu zaidi. Nikarudia maelezo, naye akarudia swali kwa njia nyingine, huku jicho langu moja likiwa kwenye skrini. Alipoona picha ya waya akauliza, "Na hiyo platinamu inanaswa?" Nikasema kwa hakika hainaswi. "Sasa mnaiwekea nini?"

Nakiri kwamba swali hilo lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa semina. Platinamu yenyewe si sumaku, lakini atomi zake ni nzito, na katika atomi nzito spini ya elektroni, yaani usumaku wake wa asili, hufungamana kwa nguvu na mwendo wake wa kuzunguka kiini. Kobalti ikikaa jirani, huamsha usumaku kidogo ndani ya platinamu, na mfungamano ule mzito ndio unaochangia sana kuupa waya mwelekeo wake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia. "Kwa hiyo chombo hakuna." Saa 5:40 akaondoka.

Mchana umeme ulikatika. Betri ya akiba ilivumilia dakika chache, na jenereta haikuwa na mafuta, jambo ambalo hapa halimshtui mtu tena. Programu hukisia msongamano wa elektroni, yaani zilivyosambaa kati ya atomi, huukokotoa upya mzunguko hadi mzunguko mpaka nishati itulie, na huuhifadhi kila baada ya mizunguko kadhaa, kwa hiyo si yote yaliyopotea, lakini umeme uliporudi, jioni tayari, hesabu ilianza kuyumba upya. Nikapunguza kiasi cha msongamano mpya kinachochanganywa na wa zamani katika kila mzunguko. Hesabu ikawa ya polepole mno, mgongo ukauma, chai ikapoa, hatimaye nishati ikatulia.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipotoa namba moja kwa nyingine. Mwelekeo ulioshinda uko karibu na wima, umeinama kidogo kuelekea ngazi, na tofauti inaridhisha. Hata hivyo siiandiki popote bado: nimeongeza wingi wa pointi za kukokotolea (vituo ambavyo programu huvitumia kujumlisha nishati ya elektroni) na kuituma tena hesabu kwenye foleni ya kompyuta, kwa sababu tofauti ndogo hivi inaweza kugeuza alama, chanya ikawa hasi, pointi zikiwa chache. Mlinzi alikwisha kuzima taa za korido, na bajaji za usiku hudai nauli mara mbili.