Siku Moja Maishani Mwangu: Heathrow Hadi Haneda kwa Uzi

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kupanga njia za ndege. Leo bosi ameniachia swali la mstari mmoja: "Heathrow hadi Haneda, kilomita ngapi?" Yaani uwanja wa London hadi wa Tokyo. Maswali mafupi ndiyo huniogopesha.

Saa 2:15. Kijana ninayemfundisha kazi keshaniwahi. Kapiga mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, kutoka London hadi Tokyo, akakokotoa urefu wake. "Dada, ni kama kilomita 11,350." Hajakosea hesabu, ramani ndiyo iliyomponza. Ni ya mtindo wa Mercator, wa tangu 1569. Inamfaa baharia anayeshika uelekeo mmoja, lakini huvuta nchi za kaskazini kama mpira.

Nikachukua tufe la mezani na uzi wa kushonea. Ncha moja London, nyingine Tokyo, nikaukaza. Ukapanda kaskazini, ukapita juu ya ukingo wa Urusi karibu na latitudo 71, ndipo ukateremka Japani.

"Huku si barafuni?"

"Ndiko kwenyewe, mdogo wangu."

Saa 4. Sasa hesabu. Unachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili na kutafuta pembe kati yao, ukiwa kama umesimama katikati ya dunia. Yetu ni nyuzi 86.26. (Uzi wa kushonea na nyuzi za pembe, jina moja. Kijana kacheka sana.) Kila nyuzi ina dakika 60 (za pembe, si za saa), na dakika moja ni kama maili moja ya baharini, kwa hiyo ni maili 5,175. Zidisha kwa 1.852, kilomita za maili hiyo moja, upate kilomita 9,585. Ukitumia nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, utapata 9,591. Kompyuta, inayojua kwamba dunia imetanuka kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha, inavuka 9,600 kidogo. Bado tumeokoa zaidi ya kilomita 1,700 za yule kijana.

Saa 7 mchana. Hapa ndipo uzi wangu unapogeuka pambo. Tangu 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika ya Uingereza, na mashirika ya Japani nayo huikwepa. Kwenda Tokyo, ndege hupita kusini: Uturuki, Kazakhstan, China, zikisukumwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kurudi, nyingine huukimbia upepo huohuo kwa kupitia Alaska na Greenland. Safari iliyokuwa ya saa 12 hivi, sasa hufika 14. Mafuta hayaulizi uzi ulisema nini.

Saa 10 jioni. Nimemwandikia bosi: umbali wa chini kabisa ni kilomita 9,600 na ushei, na chini yake njia mbili zinazopitika leo, kila moja na urefu wake.

Akajibu: "Niliomba namba moja."

Nikamtumia ile ndefu.