Miguu ya watoto, bara ya Malindi

Kutoka Tanga hadi Malindi ni safari ya siku nzima ukiwa na mizigo ya kanisa. Tuliondoka alfajiri, tukavuka mpaka Horohoro, tukapanga foleni ya feri ya Likoni, na jua likizama tulikuwa tunapita Gede. Kadi ya homa ya manjano ishughulikiwe mapema: huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo aliyechanjwa jana ni kama hajachanjwa.

Malindi imezoea wageni wa Injili. Mmisionari Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 akielekea India. Sisi mjini tulilala tu. Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, tulishika barabara ya Kakuyuni, kwa wenyeji waliotuita kwa jambo moja: funza.

Vikundi vingi huja na peremende, puto na nyimbo za kurukaruka. Mtoto mwenye funza haruki. Hutembea kwa visigino, vidole amevinyanyua, na usiku halali kwa kuwashwa. Funza jike hujichimbia kwenye ngozi, na kwa wiki moja au mbili huvimba akawa kama punje ya mbaazi, nyeupe, yenye doa jeusi katikati. Kwenye doa hilo ndiko mayai hutokea. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Meli ilimfikisha Angola mwaka 1872, naye akalivuka bara zima.

Kazi yenyewe ni ya beseni. Beseni moja, mtoto mmoja, mzazi au mlezi akiwa kando. Kwanza sabuni na maji safi, kisha kucha zikatwe. Halafu lita 5 za maji na gramu 2.5 za pamanganeti ya potasiamu, dawa ya fuwele za zambarau, miguu ikae humo dakika 15. Pakiti tulipimiwa duka la dawa kabla ya kuondoka, maana kukisia kwa kijiko ni hatari. Hata hivyo beseni la kwanza tuliliharibu: fuwele zilibaki chini bila kuyeyuka, zikamchoma mtoto unyayo. Tangu hapo tuliyeyusha kwanza kwenye chupa, tukachuja kwa kitambaa, ndipo tukamimina. Rangi ikitoka zambarau ikawa kahawia, dawa imekwisha nguvu. Mwaga, uchanganye upya. Mwisho kausha katikati ya vidole, upake mafuta ya mgando. Penye mafuta ya dimetikoni, tumia hayo: tone juu ya doa jeusi humziba funza pumzi, nayo hufanya kazi vizuri zaidi.

Bibi mmoja, ambaye sote tulimwita Hawe kama wajukuu zake, alikuwa na pini moja imechomekwa kwenye leso, ya kuwachokoa watoto wanne. Alikuwa akifanya hivyo kwa upendo, taratibu, akipuliza kidonda. Lakini pini ya pamoja hupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, na kidonda kilicho wazi hukaribisha pepopunda. Kumnyang'anya kungekuwa ukatili. Tulimwonyesha beseni, akamwosha mjukuu mdogo mwenyewe, akatukabidhi pini. Picha za miguu hatukupiga. Ile si miguu ya kuchangishia fedha.

Kinachouma ni sakafu. Mayai huanguka kwenye vumbi, buu hukulia humo, na baada ya wiki chache funza wapya wanaruka. Mbuzi na mbwa wanaolala ndani huwabeba pia. Kunyunyiza maji kila siku husaidia, ila maji yenyewe huchotwa mbali. Fedha tulizoshonea fulana za kikundi zingenunua saruji, na safari ijayo ndivyo zitakavyotumika.

Siku ya mwisho vijana wa kanisa mwenyeji walitoa mbuzi nje, wakaisiliba sakafu ya Hawe kwa udongo mbichi, wakaishindilia mpaka ikang'aa. Mabeseni 12 yalibaki kwao, pamoja na daftari lenye tarehe ya kila mtoto kuoshwa tena, wiki moja baadaye.