Dubu juu ya windo letu
Msimu uliopita, katika milima ya jimbo la Montana, Marekani, kaskazini mwa hifadhi ya Yellowstone, mimi na mwenzangu tulimwangusha elki, aina ya kulungu mkubwa, jioni, nasi tukamchuna kwa zamu, mmoja akikata nyama na mwingine akisimama kulinda, kwa kuwa dubu aina ya grizzly huvutwa na harufu ya damu na matumbo. Kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia lilikaa kiunoni, si mkobani, maana dubu akishambulia hakuna nafasi ya kufungua zipu. Nyama tuliyoshindwa kubeba tuliitundika mtini, mbali na matumbo, mahali panapoonekana kwa mbali. Asubuhi tulirudi tukipaza sauti, na kwa darubini nikaona matumbo yamefunikwa udongo, dubu amelala kando yake. Nyama ilikuwa salama, lakini hatukuisogelea mpaka alipoondoka mwenyewe.