Simu ya mkopo, kitochi na cherehani: hesabu niliyoifanya mwenyewe

Hadi katikati ya 2022 nilikuwa na kitochi tu, ile simu ndogo ya vitufe. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, na kwa miaka yote niliyoshona hapo kitochi hakikuwahi kuniangusha. Kilikaa na chaji siku nne, mara nyingine tano. Pesa nilitumiwa humohumo na umeme nilinunua humohumo: unabonyeza *150*00#, unafuata maelekezo, zinakuja tarakimu 20 za luku, unazinakili kwenye karatasi unakwenda kuziingiza. Hata foleni ya kusajili laini kwa alama za vidole, ile ambayo mwisho wake ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, niliipanga na kitochi mkononi na sikuona ninachokosa.

Kilichonibadilisha ni gauni moja. Mteja wangu wa Muheza, mwalimu, alinipigia akitaka gauni la kitenge lenye mikono ya puto na shingo ya pembe. Alinieleza kwa mdomo karibu dakika kumi, nikashona nilichoelewa. Alipokuja kulichukua alilitazama, akalikunja taratibu, akanilipa pesa yote, akasema, "Ahsante, fundi." Hakurudi tena. Baadaye nikasikia kwa shoga yake kwamba amehamia kwa fundi anayetumiwa picha. Angenigombeza ingeniuma kidogo kuliko ile ahsante.

Sikuwa na pesa ya kununua simu janja taslimu. Dukani niliambiwa 260,000. Jirani yangu mama lishe alikuwa amechukua ya mkopo, akanipeleka kwa wakala aliyempa yeye. Kianzio 50,000, kisha rejesho la 1,200 kila siku kwa siku 365. Ukiisikia "elfu moja na mia mbili" unaona ni bei ya sahani ya wali. Sikuzidisha. Nilizidisha miezi mitatu baadaye, usiku, nyuma ya daftari la wateja: 438,000 za marejesho, pamoja na kianzio ni 488,000. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu. Simu ya 260,000 nilikuwa nainunua karibu mara mbili. Tangu hapo nikaamua kila kinachoingia na kutoka kwa ajili ya simu kiandikwe, na daftari hilo ndilo lililoniokoa.

Niseme kwanza ilichonipa, kwa sababu ilinipa. Wateja walianza kunitumia mishono. Mtu anaona gauni kwa mwenzake harusini, anapiga picha, ananitumia, tunakubaliana bei kabla kitambaa hakijafika. Nami nikimaliza kazi nzuri naitundika kwenye hanga mlangoni penye mwanga, napiga picha, naiweka stetasi ya WhatsApp. Wanaoiona ni watu wenye namba yangu tu, lakini kila mmoja ana shangazi na wifi. Kwenye daftari, kila mteja aliyekuja kwa njia ya simu nilimwekea herufi S pembeni. Machi 2023 nilishona kazi 31, na zenye S zilikuwa 12. Nikajiuliza kwa haki: katika hizo 12, ngapi zisingekuja kabisa kama ningekuwa na kitochi? Nilizipitia jina kwa jina, nikapata 7. Ufundi wa kila moja, kwa wastani, 15,000. Basi simu iliniletea 105,000 mwezi ule.

Na mwezi uleule ilikula nini? Rejesho la mwezi 36,000. Bando nilikuwa nanunua la elfu moja la siku, kila asubuhi, yaani 30,000. Jumla 66,000. Faida ilikuwepo, 39,000, lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyojidanganya, na bado hapo sijahesabu muda.

Dada yangu yuko Muscat, Oman, anafanya kazi za ndani. Wakati wa kitochi tulizungumza mara moja kwa mwezi, kwa haraka, kila mtu akiwa na hofu ya salio. Sasa ananitumia sauti. Mama yetu hajui kusoma. Asubuhi anakuja kibandani na fimbo yake, anakaa kwenye kigoda, namwekea sauti ya mwanawe. Anaisikiliza, anasema, "Rudisha." Narudisha. Mara ya tatu ndipo anaanza kumjibu, simu nimemshikia mbele ya mdomo, naye anaongea polepole kana kwamba mtu yuko ng'ambo ya mto. Hiyo sikuwahi kuitafutia bei kwenye daftari.

Kilichonishinda kilikuwa ile kengele. Kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la wazazi wa shule, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mtaa. Nikikanyaga cherehani, inalia. Nikitia uzi kwenye sindano, inalia. Siku moja nilikuwa nakata kitenge cha mama mmoja wa Chumbageni, pisi nzima ya yadi 6, kitambaa kizito cha nta. Nimeshakunja, nimeshachora kwa chaki, nimeshika mkasi. Simu ikalia, nikatazama: video ya mtu nisiyemjua akicheza. Nikairudisha mezani, nikashika mkasi, nikakata. Nilipofungua kitambaa nikaona nimekata shingo ya mbele kwenye kipande cha mgongo. Kuificha haikuwezekana, maua ya kitenge kile yalikuwa makubwa, kiraka kingeonekana toka barabarani. Nilizunguka maduka siku mbili hadi nikapata rangi ileile, kwa pesa yangu. Kwenye daftari niliiandika upande wa simu, kwa sababu ndiko ilikotoka.

La pili lilikuja kumi la mwisho la Ramadhani ya 2023, wakati ambao fundi hana usingizi. Mwanangu mdogo alilazwa na malaria siku mbili usiku na mchana. Marejesho ya siku tatu yakanipita. Niliporudi kibandani nikakuta waliotoa mkopo wameifunga simu, kioo kina maandishi tu: lipa ufunguliwe. Sikuweza kufungua picha wala ujumbe. Na mimi, kwa uvivu niliofundishwa na simu yenyewe, nilikuwa nimeacha kuandika vipimo. Nilikuwa naandika kwenye kikaratasi, napiga picha, natupa kikaratasi. Nguo saba za Idd, vipimo vyake vyote vilikuwa nyuma ya kile kioo. Nikatoa laini nikaiweka kwenye kitochi ili niwapigie wenyewe waje nipime upya. Majina hayakuwemo. Yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu, si kwenye laini.

Nilikopa 4,000 kwa mama lishe, nikalipa deni lote la zile siku tatu kwa kitochi. Ujumbe wa kupokea malipo ulikuja palepale, lakini simu haikufunguka hadi karibu na magharibi. Mchana wote ule, katika siku za mwisho za Ramadhani, nilikaa napiga pasi nguo zilizokwisha. Nikasema moyoni, chombo changu cha kazi kikiwa na ufunguo kwa mtu mwingine, basi mimi na yeye tuna kibanda kimoja.

Baada ya Idd nikapanga upya. Vipimo vyote vilirudi kwenye daftari, kwa kalamu: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Picha ya mshono naichora palepale kwa mkono, vibaya lakini inaeleweka, halafu ile ya simu inakuwa ya kuangalizia tu. Namba za wateja nimezinakili kurasa mbili za mwisho. Kisha laini ya kupigiwa na ya pesa nikairudisha kwenye kitochi, kinachokaa mfukoni mwangu saa zote. Simu janja nikaiwekea laini nyingine, na hiyo ikawa ya kazi.

Bando la kila siku niliacha. Mdogo wangu alinionyesha nilikokuwa napoteza: WhatsApp ilikuwa inapakua yenyewe kila picha na kila video ya kila kundi, hata nisizozifungua. Tuliingia kwenye mipangilio tukazima upakuaji huo. Tukazima pia programu zinazokula data zenyewe wakati simu imelala. Bando la 10,000 likaanza kunifikisha mwezi. Kuanzia hapo 20,000 kila mwezi zilibaki kwangu, na mwezi wa Juni nilipomaliza mkopo zikabaki na zile 36,000.

Saa za simu ni mbili. Asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani, na saa kumi jioni. Kati ya hapo data imezimwa na simu iko kwenye droo. Wateja niliwaambia: ukiwa na haraka nipigie kwenye kitochi. Walilalamika wiki mbili hivi, wakazoea. Nyumbani inaingia imezimwa, inalala kwenye mkoba wa mkasi na futi.

Kugumu kulikuwa kwenye makundi. La waliosoma pamoja nilitoka kimya. La ukoo nilimpigia mjomba kwanza, maana ndiye mkubwa wetu humo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza kuwa nimelinyamazisha kundi, sitakuwa nasoma kila wakati. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa likitokea la kutokea, utajuaje?" Nikamwomba: jambo la ugonjwa au msiba, nipigieni.

Mwaka huohuo binamu ya mama akafariki Korogwe. Taarifa iliwekwa kwenye kundi saa tatu asubuhi, na kila mtu akadhani mwenzake amenipigia. Nilifungua simu saa kumi jioni, na wakati huo walikuwa wameshazika. Nilifika kesho yake, nikakaa mkekani na wenzangu, hakuna aliyenisema, lakini nilivyopishwa nafasi nilijua. Utaratibu wangu sikuubadilisha kwa ajili hiyo, ila niliongeza: mdogo wangu, ambaye hatoki mtandaoni, ndiye anayenipigia habari za ukoo. Hata hivyo lile la Korogwe linaniuma hadi leo.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinithibitishia mpango huu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, pasi ni ya mkaa, kitochi kinakaa siku nne, daftari halihitaji chaji. Simu janja ikizima mchana, kazi inaendelea. Picha zitasubiri umeme urudi.

Binti ninayemfundisha kazi aliniuliza majuzi achukue ya mkopo au asubiri. Sikumwambia asichukue, kwa sababu bila picha atashindana vipi na mafundi wenzake? Nilimwambia azidishe kwanza rejesho kwa siku zote, alinganishe na bei ya dukani, halafu ahesabu ni magauni mangapi ya ziada kwa mwezi yatailipa. Akahesabu akapata matatu. Akasema atasubiri hadi awe na wateja wake mwenyewe, na nimemruhusu kuweka kazi zake kwenye stetasi yangu.

Mimi nilipomaliza deni Juni 2023 sikuacha kutoa zile 1,200. Mkono ulikuwa umezoea. Julai nikanunua kibubu cha mbao, nikawa natumbukiza humo kila jioni, nikilenga simu mpya ya taslimu. Nilikivunja mwishoni mwa Februari 2024, zikatoka 288,000 na vichenji. Asubuhi yake nilitoka nyumbani nikielekea duka la simu. Njiani nikapitia kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa anauza ovaloki yake, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Akaniruhusu nijaribu kipande cha kitambaa, nikaona ukingo unavyofungwa kwa safari moja. Nikaongeza pesa ya kikoba, nikaipakia kwenye bajaji. Simu ni ileile ya 2022, kioo kina ufa kwenye kona, na ndiyo iliyopiga picha ya ovaloki iliposhushwa kibandani. Mama alisikia sauti ya dada akinipongeza, akasema, "Rudisha."